Bluu Hufa Kwanza

Ile rangi nyekundu ambayo watu wanazipaka picha zao za simu siku hizi ili zionekane za zamani inanitia kichefuchefu. Sisemi kwa mfano. Juzi hapa Karatu nilikaa na rafiki yangu niliyesoma naye chuo, amekuja kutembea kabla ya kushuka kreta kuona wanyama, kwenye mgahawa mmoja wa barabara ya kwenda getini. Ukutani wametundika vipande vya mikanda ya sinema kama mapazia, na taa zimefungwa ndani ya makopo yake. Rafiki yangu akanipiga picha nikinywa kahawa, akabonyeza mahali, na shati langu la bluu likageuka udongo. "Ona," akasema, "sasa inaonekana kama kumbukumbu." Nikasikia harufu ya siki, ingawa mezani hapakuwa na chochote zaidi ya kahawa na keki kavu.

Nikatoka nje kupata hewa. Aliponiuliza nina nini nikamwambia ni kahawa.

Wengi wa rika langu wakikumbuka nyumbani wanakumbuka harufu za kupendeza, au wamezoea kuzisimulia hivyo: moshi wa kuni, maziwa, mvua juu ya udongo. Sijui kwa nini kila mtu utoto wake ulinukia vizuri. Wa kwangu ulinuka siki. Na siyo siki ya jikoni, ile safi inayokufanya utamani chipsi. Ilikuwa siki iliyochanganyika na kitu kama miguu ya mtu aliyeshinda ndani ya mabuti ya mpira, na ilitoka kwenye stoo ya bati nyuma ya nyumba yetu, ambamo Baba alikuwa anahifadhi mikanda yake.

Baba alikuwa dereva wa watalii. Madereva wenzake wakipata kitu walinunua kiwanja au ng'ombe. Yeye alikusanya mikanda ya sinema ya zamani, ile ya kuzungushwa kwenye projekta, ambayo hata wakati huo hakuna aliyekuwa anaitumia tena. Aliitoa kwenye stoo za misheni, kwenye nyumba za mashamba ya kahawa ambazo wenyewe walishaondoka, na kwa Mzee Hashimu, mwenye duka la vyombo pale mjini, ambaye ujanani aliwahi kuzunguka vijijini akionyesha sinema kwenye ukuta wa godauni. Projekta nayo ilitoka kwa Mzee Hashimu. Baba alimpa magunia ya vitunguu kutoka Mang'ola, na Mzee Hashimu akaondoka anacheka.

"Nimekuuzia mgonjwa," alimwambia Baba. "Usije kunililia kwenye msiba."

Ukilifungua kopo la mkanda uliooza, harufu haikujii taratibu. Inakupiga. Macho yanawasha, koo linakauka. Mkanda wenyewe unakuwa na jasho, umejikunja kama ganda la ndizi, na pembeni umeota unga mweupe kama ule unaouona kwenye midomo ya mtoto mwenye utapiamlo. Baba alikuwa anaupangusa kwa kitambaa, hatua kwa hatua, na pale ulipogandana alitumia kucha. Kisha ananawa, anakaa mezani, anamega ugali kwa vidole vile vile. Mimi nilikuwa naziangalia kucha zake nashindwa kumeza. Sare yangu ya shule ilikuwa inaanikwa kwenye kamba iliyopita mbele ya stoo, kwa hiyo shuleni hawakuniita Neema. Waliniita Kachumbari.

"Baba Neema," Mama alikuwa anasema akiwa ameziba pua kwa upande wa kanga, "hicho kitu kimekufa. Kizike."

"Hakijafa. Kinaumwa."

"Basi kipeleke hospitali, kisilale karibu na mahindi yangu."

Jumapili tukitoka kanisani, Baba alikuwa anatundika blanketi dirishani, anabana shuka la Mama ukutani kwa misumari, na kutuonyesha. Mikanda ilikuwa ya watu wengine na mambo ya watu wengine: mabwana wa kilimo wakieleza namna ya kuchimba matuta, Wazungu wakila chini ya hema, tembo, tembo tena, maaskofu wakishuka kwenye magari. Yote ilikuwa myekundu. Mbingu ilikuwa kama maziwa yaliyodondokewa na damu. Majani yalikuwa rangi ya kutu. Tembo walikuwa wekundu, ingawa hilo halikunishangaza, kwa sababu tembo wa kwetu wakijimwagia vumbi ni wekundu kweli. Baba alieleza, na alieleza kila mara, kwamba mkanda wa rangi una rangi tatu zilizolazwa moja juu ya nyingine kama chapati kwenye sahani, na kwamba hazizeeki pamoja.

"Bluu ndiyo hufa kwanza," alisema. "Joto likiingia, bluu inaondoka. Nyekundu ni ngumu, inabaki peke yake inadanganya."

Mimi sikuelewa hivyo, kwa sababu nilikuwa na maelezo yangu, na maelezo yangu yalitoka shuleni. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa ametufundisha rangi. Akaandika ubaoni: kitabu chekundu, vitabu vyekundu. Nguo nyeusi, mlango mweusi. Ukuta mweupe, kuta nyeupe. Kisha akatuambia kwamba rangi zinazokubali kubadilika hivi kufuata jina ni hizi tatu tu. Nyingine zote hazikubali. Huwezi kusema kitabu kibluu. Darasa zima likacheka, "kibluu! kibluu!" na tukashinda siku hiyo tukiitana hivyo. Lakini mimi nilirudi nyumbani nimepigwa na butwaa, kwa sababu rangi tatu za mwalimu ndizo rangi tatu nilizoziona kwenye mikanda ya Baba. Nyekundu, nyeusi, nyeupe. Hakuna nyingine.

Nikahitimisha, na sioni hadi leo kama hoja ilikuwa mbovu kwa ushahidi niliokuwa nao, kwamba zamani dunia ilikuwa na rangi tatu. Watu walipotengeneza Kiswahili walizipa majina rangi zilizokuwepo. Bluu ilikuja baadaye, labda na Wazungu, labda na mabati, ndiyo maana hata jina lake limetoka kwao. Kijani tuliazima kwenye majani, kwa sababu majani nayo yaliacha kuwa mekundu. Mbingu ilikuwa nyeupe yenye damu hadi hivi karibuni. Nilimweleza mwalimu mbele ya darasa zima. Akasema, "Neema, kaa chini," na nyuma mtu akanong'ona, "Siki imempanda kichwani."

Kati ya mikanda yote ulikuwepo mmoja ambao Baba hakuuita mkanda. Aliuita "ule wa mama".

Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Hakuwa na picha yake hata moja. Kitu pekee alichokuwa nacho ni maneno aliyoyasikia akiwa mtoto, kwamba wageni walifika siku moja kwenye shamba la ngano upande wa Ganako, wakawapiga sinema wanawake wakipepeta, na mama yake alikuwemo. Maneno hayo ndiyo yaliyomfanya afungue kila kopo lililooza wilayani. Madereva walipomcheka, walicheka bila kujua. Mtu mzima alikuwa anamtafuta mama yake ndani ya makopo.

Mzee Hashimu ndiye aliyempatia. Kopo lilikuwa limetupwa na mali nyingine kwenye banda la shamba la zamani huko huko, na lilikuwa limeoza kuliko yote. Mkanda ulikuwa umesinyaa hadi meno ya projekta hayakuingia tena vizuri kwenye matundu yake, na Baba ilimbidi ausukume kwa kidole ukipita, akipuliza, akiomba. Lakini ulipita. Ukutani wakatokea wanawake wamesimama kwenye uwanja wa kupuria, wote wekundu, nguo zao nyekundu hadi kukaribia weusi, na nyungo zikipanda na kushuka.

Siku moja madereva wawili waliokuja kumchukua Baba waliukuta ukiendelea. Mmoja akasema, "Hawa si Wamasai hawa? Rubega nyekundu zote hizo."

"Ni watu wa kwetu," Baba akasema. "Wairaqw."

"Wairaqw gani wanavaa hivyo? Wageni wako ungewaambia ni Wamasai wangefurahi zaidi."

Baba akacheka. Alikuwa na kicheko cha kazini, cha meno mengi, ambacho nilikuja kukichukia nilipokua, na hata wakati huo kilikuwa kinaniudhi bila kujua sababu.

Katikati ya mkanda ule mwanamke mmoja alikuwa anageuka na kutabasamu. Alikuwa mzuri, hilo siwezi kukataa. Alishusha ungo, akaielekea kamera, akatabasamu kama mtu aliyekuwa anakusubiri wewe. Baba alimchagua huyo. Hakuna aliyemwambia ndiye. Alimtazama na akajua, alisema, moyo ulimwambia. Akachukua kipande, akakipeleka Arusha kwa mpiga picha mmoja, akarudi na picha kubwa yenye fremu ya dhahabu ya plastiki, tukaitundika sebuleni juu ya redio. Mama akaweka maua ya karatasi pembeni yake.

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule tulitakiwa kuiamkia. "Shikamoo bibi." Nilikuwa nasema nikiangalia chini. Kwa kuwa kila cheupe kilikuwa kimeingiwa na wekundu, meno ya bibi yalikuwa ya pinki, na weupe wa macho yake ulikuwa wa pinki, kama mtu aliyetoka kula nyama mbichi. Alinitia kinyaa. Nilijua ni dhambi kumwonea bibi yako kinyaa, nikaungama hata kwa padri, na padri akanipa sala za kusali bila kuuliza bibi alikuwa na nini.

Baada tu ya yule mwanamke kutabasamu, Baba alikuwa na tabia. Alinyoosha mkono na kuziba mwanga wa projekta kwa kiganja. Vidole vyake vilikuwa vinang'aa vyekundu kama vimepashwa moto. "Hapa pana uchafu," alisema. Kisha akaondoa kiganja, na ukutani tukaona mbingu na magunia. Mimi nilidhani anasema uchafu wa mkanda, ukungu au kutu. Lakini vidole havizibi vizuri, na kupitia katikati yake niliwahi kuona kitu kingine: mwanamke mwingine, mwembamba, akiikaribia kamera hadi anaijaza, na mdomo wake ukifanya kitu.

Bibi Paulina alikuja wakati wa baridi, ukungu ukiwa hauondoki hadi saa nne. Alikuwa mdogo wa marehemu mama yake Baba, wa tumbo moja. Kwa hiyo kwa Baba alikuwa mama mdogo, na Baba alimwita *aayo*, yaani mama kwa Kiiraqw, neno ambalo hakuwa na mwingine wa kumwita. Aliishi upande wa Mbulu na magoti yalikuwa yamemzuia kusafiri kwa miaka mingi. Safari hii aliletwa kuonana na daktari. Baba alimpokea stendi kwa gari la kazini, akamshika mkono hadi sebuleni, akamsimamisha mbele ya picha na kungoja.

Bibi Paulina akaangalia. Akasogea. Akaweka mkono kiunoni.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Aayo, si dada yako huyo?"

"Dada yangu yupi? Huyu ni mke wa nyapara."

Mama akaacha kumimina chai.

"Mke wa nyapara wa shamba," Bibi Paulina akaendelea. "Ndiye aliyekuwa anatupimia posho. Alitunyima hata maji huyu. Anachekea sukari aliyopewa na wale wageni. Nani kamwekea maua?"

Ndugu zangu wadogo wakaanza kucheka, na mimi nikacheka, kwa sababu tulikuwa tumemwamkia mke wa nyapara kila siku ya Mungu tangu mvua hadi mvua. Baba hakucheka. Alisema picha hizi zimefifia, aayo, macho yanaweza kukosea, ngoja uone zinavyotembea. Akaenda kutundika blanketi.

Tukaketi. Bibi Paulina alipewa kiti cha mbele, karibu kabisa na shuka. Projekta ikaguruma, harufu ikajaa chumbani, na yeye akakunja pua.

"Mbona kunanuka kama pombe iliyochacha?"

"Ni mkanda, aayo. Rangi inakufa."

Wanawake wekundu wakatokea. Bibi Paulina akainama mbele, akaanza kuwataja kwa majina, huyu alikwenda Babati, huyu alikufa kwa uzazi, huyu alikuwa na sauti. Kisha akakasirika.

"Lakini nguo mmezipaka nini? Tulivaa kaniki sisi. Siku ile kila mtu alivaa kaniki."

"Kaniki ni nyeusi?" nikauliza.

"Mpya ni bluu, bluu nzito. Ukifua inazidi kuwa bluu."

"Bibi, zamani hapakuwa na bluu."

Akageuka kuniangalia. "Nani kakwambia?"

"Hata Kiswahili hakina neno lake. Mwalimu amesema."

"Mwalimu wako alizaliwa lini? Mimi nilizaliwa bluu ipo. Mbingu ilikuwa hii hii. Ninyi watoto wa mjini mnafundishwa nini, eti baba?" Akarudi ukutani. Dunia yangu ya rangi tatu ikaanguka hivyo tu, kwa bibi mmoja mwenye magoti mabovu, na sikupata hata nafasi ya kujitetea, kwa sababu mke wa nyapara alikuwa ameshusha ungo na kutabasamu, na Baba alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Toa mkono," Bibi Paulina akasema.

"Hapa pana uchafu, aayo."

"Nimesema toa mkono."

Akautoa. Yule mwembamba akaja. Hakuwa mzuri. Alikuwa na mfupa wa shavu uliochomoza na kipaji cha uso kirefu. Alitembea moja kwa moja hadi mbele ya kamera, ungo ubavuni, akaiangalia kama mtu anavyoangalia funza kwenye nyama, mdomo ukajikusanya, na akatema. Kamera ikaruka. Mbingu, magunia.

Bibi Paulina akapiga makofi, akapiga na magoti yake mabovu. "Huyo! Huyo ndiye! Dada! Mungu wangu, huyo huyo!" Machozi yalikuwa yanamtoka huku anacheka. "Mnajua kwa nini? Ngano tulishamaliza kuipepeta. Ilikuwa safi, imo kwenye magunia. Wale wageni walichelewa. Basi wakaamuru tuimwage chini tena, tuichanganye na makapi yake, tupepete upya wapate picha. Ngano safi! Na jua lile! Wote tukafanya. Mke wa nyapara akacheka. Dada peke yake akaenda akawatemea kwenye lile jicho lao la kioo."

"Hapana," Baba akasema.

"Hapana nini?"

"Mama hawezi kuwa huyo."

"Kwani wewe ulimjua?"

Projekta iliendelea kuzunguka. Baba alikuwa anafuta mikono kwenye suruali. "Mtu gani mzima," akasema taratibu, "anatema mate mbele ya wageni?"

Nimelifikiria swali hilo mara nyingi nikiwa mkubwa. Alikuwa mtu aliyelisha watoto wake kwa kuwachekea wageni. Alijua kusimama ukingoni mwa kreta na kusema "karibuni nyumbani" kwa lugha nne, aliwapiga picha wakiwa wamekumbatiana na watu wasiowajua, na walipomwomba aruke na vijana wa boma la Kimasai aliruka, yeye Mwiraqw mwenye kitambi. Alikuwa amemtafuta mama ndani ya makopo yote yale, na moyo wake ukamwendea moja kwa moja yule aliyekuwa anacheka. Nilipoelewa hilo nilijisikia vibaya kuliko nilivyowahi kujisikia kwa harufu yoyote ya stoo.

Kesho yake Bibi Paulina alitoka kwa daktari na ombi moja tu. "Niwashie tena nimwone dada. Kesho narudi kwangu, na magoti haya hayatanileta tena."

Baba alikuwa ameshinda stoo asubuhi nzima. Alisema sawa. Alivaa shati lake jeupe la kanisani ingawa ilikuwa siku ya kazi, akatundika blanketi, akanyoosha shuka la Mama kwa uangalifu wa ajabu. Wanawake wakatokea. Bibi Paulina akawasalimia kwa majina. Mke wa nyapara akashusha ungo, akageuka, akatabasamu. Kisha mlio mdogo, tak, kama kucha inayovunjika, na papo hapo mbingu na magunia.

Hakuwa ameziba kwa mkono. Alikuwa amekata. Alikuwa na mkasi na gundi ya kuungia, na alikuwa fundi wa kuunga.

Nilidhani Bibi Paulina hakuona. Macho ya wazee, nikawaza. Kisha akainuka kwa kushika kiti, akasogea hadi ukutani, ndani ya mwanga. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa cha bluu, nakumbuka vizuri kwa sababu mara moja hakikuwa cha bluu tena. Alikuwa mwekundu, mwekundu kama wale, uso wote, na mfupa wa shavu ulichomoza na kipaji kikawa kirefu, na magunia yalikuwa yanapita juu ya kifua chake. Akageuka akatuangalia. Akamwangalia Baba. Mdomo ukajikusanya, na akatema, kwa nguvu ambazo sikujua mwanamke wa umri ule anazo, katikati ya shuka.

"Shuka langu!" Mama akapiga kelele. "Jamani, shuka la harusi!"

Mkanda ukaisha na mkia wake ukawa unapiga, pa pa pa. Mwanga mweupe mtupu ukamwagika juu ya Bibi Paulina na juu ya yale mate yaliyokuwa yanateremka kwenye shuka polepole, mazito. Wadogo zangu wakasema "aaah" kwa kinyaa. Hata mimi nilitaka kutapika. Baba peke yake hakuangalia mate. Alikuwa anauangalia uso wa mama yake mdogo, mdomo wake ukiwa wazi kama wa mtoto aliyeamshwa.

"Rudia, aayo," akasema.

"Nirudie nini? Mate yenyewe nitayatoa wapi kwa umri huu?"

"Rudia kuangalia vile. Kabla ya kutema."

Bibi Paulina akafuta mdomo kwa kiganja. "Wewe ulimkata," akasema. "Umemtupa wapi?"

Baba akatoka. Tukamfuata hadi nyuma ya migomba, kwenye shimo la taka. Lilikuwa limejaa maganda ya viazi, majivu, utumbo wa kuku wa juzi uliokuwa umeanza kufanya funza, na maji ya kuoshea vyombo yaliyotuama na kutoa povu. Akaingia. Hakukunja suruali, hakuvua lile shati. Akapiga magoti na kuanza kuchambua kwa mikono yote miwili, na Mama alisimama ukingoni ameshika shuka lake.

"Neema, njoo ushike."

Nilikwenda nimeziba pua. Alikuwa ananipa vijipande, vingine vimegandana na majivu, vingine vinateleza kwa kitu ambacho sikutaka kujua ni nini. Nilivishika kwa ncha za vidole. Vilinuka shimo, vilinuka siki, na mimi mwenyewe nilikuwa nanuka.

"Kiangalie juani," Baba akasema bila kuinua kichwa. "Kuna mtu?"

Nikapangusa kimoja kwa sketi yangu ya shule, nikakiinua. Ndani ya kila kijisanduku, mmoja chini ya mwingine, alikuwepo mtu mdogo mwekundu, mdogo kuliko punje ya ngano.

"Yupo."

"Anacheka?"

Nikaangalia vizuri.

"Hapana," nikasema. "Hacheki."

"Basi ndiye," Baba akasema, na akarudisha mikono yake ndani ya taka. "Endelea kushika."